Kesi ya nyani barabarani: historia ya faini za magari vijijini Marekani

Mwaka 1970 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Lester Maddox, alifanya jambo ambalo viongozi hawalizoei. Aliweka mabango makubwa kando ya barabara kuwaonya wasafiri wajihadhari na mji mmoja wa jimbo lake mwenyewe. Mji huo ni Ludowici, makao makuu ya Long, kaunti ya mashamba na misitu ya misonobari. Hapo ilipita barabara namba 301, njia ya watu wa kaskazini waliokuwa wakishuka Florida kuota jua. Mji ulikuwa na taa za barabarani, na kwa miaka mingi madereva walilalamika kwamba taa hizo zilikuwa na mtu wa kuzibonyeza: gari la mgeni likikaribia, kijani inageuka nyekundu ghafla, na askari yuko papo hapo na kitabu chake mkononi.

Mgeni angefanya nini? Kwao ni mbali, watoto wamechoka kwenye kiti cha nyuma, na kusubiri siku ya mahakama ni gharama kuliko faini yenyewe. Alilipa, akaondoka, akaenda kusimulia. Ludowici ikawa na jina baya nchi nzima.

Tangu mwanzo, faini ya gari ni mambo ya kijijini. Tarehe 28 Januari 1896, huko Paddock Wood katika kaunti ya Kent, Uingereza, bwana Walter Arnold alipita mbele ya nyumba ya askari kwa mwendo wa maili 8 kwa saa, mahali ambapo sheria iliruhusu maili 2. Inasimuliwa kwamba askari aliacha chakula mezani, akarukia baiskeli, akamfukuza maili zipatazo 5 hadi akamtia mkononi. Kwa kosa la mwendo Arnold alitozwa shilingi moja, gharama za kesi mbali. Marekani, jimbo la Connecticut lilitunga sheria yake ya mwendo wa magari mwaka 1901: maili 12 kwa saa mjini, 15 nje ya mji. Mwaka 1904, huko Dayton, Ohio, Harry Myers aliandikiwa karatasi kwa kwenda maili 12. Ndiye anayetajwa kuwa dereva wa kwanza wa Marekani kupewa karatasi ya kosa la mwendo.

Gari lilipoanza kupenya vijijini lilimkuta hakimu ambaye hakuwa ameandaliwa kwa ajili yake. Alikuwa jirani tu, mkulima au mwenye duka, aliyechaguliwa na wenzake kuamua ugomvi wa mipaka na mifugo, na mara nyingi kesi aliisikiliza hapohapo dukani. Katika majimbo mengi hakuwa na mshahara. Alilipwa ada, na ada ilitoka kwa mtu aliyetiwa hatiani. Akimwachia mshitakiwa, ametoka mikono mitupu. Zamani, alipokuwa akihukumu majirani, aibu ilimzuia: leo umemwonea, kesho mnakutana kanisani. Gari lilimletea watu wasiorudi tena na wasio na kura pale.

Mahakama Kuu ya Marekani iligusa jipu hilo mwaka 1927, katika kesi ambayo wala haikuhusu magari. Meya wa kijiji cha North College Hill, Ohio, alikuwa akihukumu kesi za pombe wakati pombe imepigwa marufuku, na kwa kumtia hatiani mtu mmoja aliyeitwa Tumey alijipatia dola 12 mfukoni. Majaji wakasema haiwezekani: anayehukumu asifaidike na hukumu yake. Vijiji vikajifunza haraka. Hela ikaacha kuingia mfukoni mwa meya, ikawa inaingia kwenye kasha la kijiji, ambalo meya huyohuyo ndiye analilinda.

Ndivyo ilivyokuwa Monroeville, kijiji kilichopo kaunti ya Huron, Ohio. Mwaka 1964 mapato yote ya kijiji yalikuwa dola 46,355.38, na kati ya hizo dola 23,589.50 zilitoka katika mahakama ya meya: faini, ada na gharama za kesi. Yaani nusu ya bajeti iliokotwa barabarani. Bwana Ward alipotozwa dola 50 kwa kila moja ya makosa yake mawili ya barabarani, aligoma. Wahenga walishaonya kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ilikubaliana nao: mtu anayebeba mzigo wa fedha za kijiji hawezi kuwa hakimu wa faini zinazokilisha.

Mwaka mmoja kabla, 1971, mahakama hiyo ilikuwa imemwangalia na mtu asiye na kitu. Tate, mkazi wa Houston, Texas, alikuwa na makosa tisa ya barabarani yenye faini ya jumla ya dola 425. Hakuwa nazo, akapelekwa jela kuzifanyia kazi kwa kiwango cha dola 5 kwa siku, siku 85. Majaji walisema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu halipaswi kugeuka kifungo kwa sababu ya ufukara.

Mgeni naye akakumbukwa. Zamani dereva wa jimbo jingine aliweza kulazimishwa kuacha dhamana ya fedha taslimu ndipo aruhusiwe kuendelea na safari. Mwaka 1977 ukaanzishwa mkataba baina ya majimbo: mgeni atie sahihi kuahidi kwamba atashughulikia kesi yake, aende, akipuuza, jimbo lake litamsimamishia leseni. Majimbo karibu yote yaliingia.

Lilikuwapo pia suala la karatasi yenyewe. Kumbukumbu zilikaa katika daftari la karani wa mahakama, na karatasi ya shemeji wa askari iliweza kuchanwa bila mtu kujua. Dawa ikawa kuchapa karatasi zenye namba za mfululizo na nakala kadhaa, moja ya dereva, nyingine ya mahakama, nyingine ya polisi, ili kila namba iwe na maelezo. Namba hiyo ndiyo leo dereva anaiandika kwenye tovuti ya mahakama akaiona kesi yake. Missouri, kwa mfano, ina mfumo wa Case.net unaoonyesha kesi za mahakama za jimbo. Aliyepoteza karatasi hutafuta kwa jina lake. Asipoiona asishangilie kwamba amesamehewa. Huenda askari hajaiwasilisha, na hapo karani anapaswa kupigiwa simu.

Wengi huponzwa na jambo moja: kulipa ni kukiri kosa. Ukishalipa, katika majimbo mengi pointi zinaingia kwenye rekodi ya leseni na bima inaweza kupanda. Anayeona ameonewa hujibu kwamba hana hatia kabla ya tarehe iliyoandikwa, akapangiwa siku ya kusikilizwa. Kunyamaza ndiko kubaya kuliko yote, maana faini ya dola chache inaweza kuzaa leseni iliyosimamishwa na hati ya kukamatwa. Ndugu zetu wanaoendesha malori huko wanalijua hilo, kwa kuwa leseni ndiyo jembe lao.

Msomaji wa Dar es Salaam au Dodoma hapa anaona kitu anachokifahamu. Anaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, deni linajitokeza, analipa kwa simu kwa kutumia namba ya malipo. Lakini mtandao unamwonyesha anadaiwa kiasi gani. Haumwambii anayeandika faini anaitegemea kiasi gani.

Swali hilo ndilo lililoimaliza Macks Creek, mji mdogo wa kaunti ya Camden, Missouri, kwenye barabara namba 54 iendayo ziwa la watalii la Ozarks. Mji uliishi kwa faini za wapita njia. Mwaka 1995 jimbo likapitisha sheria: fedha za faini za barabarani zikizidi asilimia 45 ya mapato ya mji, ziada iende shuleni. Mji ukafilisika, na mwaka 2012 ukavunjwa kisheria kwa kura za wakazi wenyewe. Sheria iliyobeba jina lake bado ipo, na mwaka 2015 kikomo chake kilishushwa hadi asilimia 20.