Visima vya Lavington

Mji wa Nairobi, ulionyweshwa kwanza na chemchemi za Kikuyu, kisha na mabwawa ya Ruiru, Sasumua na Ndakaini, haukuwahi kushiba maji. Na ndipo wakazi wa mtaa wake wa Lavington, katika ardhi ambayo mapadri wa misheni ya St. Austin's walipanda kahawa, wakachimba visima virefu ndani ya miamba ya volkano. Maji yake aghalabu ni maangavu, wala hayana harufu (na hapo ndipo penye hadaa), lakini miamba huyatia floridi, ambayo ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, na ikikithiri hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Basi, ewe mwenye kisima, yapeleke maji yako maabara.