Theluji ya Wellington

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1910, treni mbili zilikuwa zimekwama siku kadhaa katika stesheni ndogo ya Wellington, milima ya Cascade, Marekani. Theluji ilifunga reli. Abiria wachache waliteremka mlima kwa miguu, wakanusurika. Waliobaki waliomba treni irudishwe ndani ya handaki, hawakukubaliwa. Baada ya saa saba usiku theluji ikaporomoka, ikazitupa treni bondeni. Watu 96 walikufa. Misitu ya mteremko ule ilikuwa imeungua, hivyo hapakuwa na cha kuizuia theluji. Leo wasafiri wa milimani hujihadhari na miteremko inayozidi nyuzi 30. Nasi tukitaka kupumzika mlimani, kwanza tutazame juu.