Kompyuta mpya ya kuunganisha imegoma kuwaka: anzia hapa kabla ya kununua mazabodi

Mtu anayefungua steshenari kijijini akihitaji kompyuta ya mezani, mara nyingi huona nafuu kununua kifaa kimoja kimoja mjini na kuja kuviunganisha mwenyewe, huku anatazama video kwenye simu. Kazi hiyo haihitaji nguvu wala vyuma vingi. Bisibisi moja ya nyota inatosha. Taabu huanza anapobonyeza kitufe na kompyuta haiwaki. Anaambiwa mazabodi imeungua, yaani ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, na hapo fedha za karatasi na wino zinaliwa na mazabodi nyingine. Kwa kompyuta ambayo haijawahi kuwaka hata mara moja, sisi tungemwambia asubiri kwanza. Mara nyingi kosa ni waya uliosahaulika au kifaa kisichokaa sawasawa.

Kila unapotaka kugusa ndani, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika vifaa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, ujue kilikuwa wapi. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu ndani hubaki umeme unaoweza kuua.

Sasa jiulize: haiwaki namna gani?

Kama hakuna taa wala feni inayozunguka, tatizo liko kwenye njia ya umeme. Tazama swichi ya nyuma ya pawa saplai; iwe upande wenye alama ya I, si O. Pawa saplai za zamani, hasa za mtumba, zina swichi nyingine ndogo yenye namba 115 na 230. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240, kwa hiyo isomeke 230 kabla hujachomeka, la sivyo itaungua palepale. Wanaotumia sola waangalie pia inveta: iliyo ndogo, au ya bei rahisi isiyotoa umeme laini, inaweza kushindwa kuiwasha kompyuta ambayo kwa jirani mwenye umeme wa gridi inawaka vizuri.

Umeme ukiwa sawa, hakikisha ule waya mpana wa pini 24 umezama wote kwenye mazabodi. Kisha tafuta waya mwembamba wa kitufe cha kuwashia. Unaingia kwenye pini mbili tu kati ya nyingi zilizopangana pembeni mwa mazabodi, na ukikosea hata pini moja kitufe hakifanyi kitu. Kitabu cha mazabodi kinaonyesha ni zipi. Zigusishe hizo mbili, na hizo tu, kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Kompyuta ikiwaka, mazabodi ni nzima. Mwenye kosa ni kitufe au waya wake. Na kama feni zinazunguka kidogo tu kisha zinakata, shuku viguu vya shaba vinavyoinua mazabodi ndani ya kasha. Kiguu kisicho chini ya tundu la skrubu kinagusa mazabodi kwa nyuma na kuleta shoti.

Hali inayowachanganya wengi ni feni kuzunguka huku skrini ikibaki nyeusi. Kwanza, usikimbilie kuzima. Mashine zenye RAM ya DDR5 huchukua dakika kadhaa kuipima RAM hiyo zinapowashwa mara ya kwanza, na wapo wanaokatisha kila mara kwa kudhani imekufa. Ukingoja bila mafanikio, tazama waya wa pili wa umeme, wa pini 4 au 8, unaoingia karibu na prosesa. Huu ndio husahaulika kuliko wote, na bila huo feni zitazunguka mpaka jioni bila picha.

Halafu fuata waya wa skrini. Kama umeweka kadi ya picha, uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kama hukuweka, soma jina la prosesa: zile za Intel Core ambazo namba yake inaishia na F hazitoi picha bila kadi.

Ikifuata RAM, itoe na uirudishe kwa kubonyeza pande zote mbili mpaka usikie inabana. Huhitaji nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa nazo mbili, jaribu moja, kisha nyingine, na ubadilishe nafasi. Mazabodi nyingi mpya zina taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki inawaka inakuonyesha pa kutazama.

Bado? Toa diski na vyote vya USB, acha prosesa na feni yake, RAM moja na skrini. Toa pia betri ya duara kwa dakika tano, umeme ukiwa umechomolewa, mipangilio irudi ya kiwandani. Kikwazo kingine ni mazabodi ya zamani kidogo kutoitambua prosesa mpya mpaka programu yake ya BIOS isasishwe. Hilo muulize muuzaji kwa kumtajia majina ya vyote viwili.

Na ukiona maandishi yanayosema hakuna diski ya kuwashia, pumua. Kompyuta yako inafanya kazi. Diski mpya huja tupu, kwa hiyo kilichobaki ni kuweka Windows au Linux kwa fleshi, na ile ya Windows iwe ya GB 8 au zaidi. Ila diski yenyewe isipoonekana ndani ya BIOS, rudi kwenye nyaya zake: ile ya SATA inahitaji mbili, wa umeme na wa data.