Drafti ya NBA na watoto wetu: kutoka Mutombo mpaka Tshiebwe

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Dilala alinisimamisha njiani wakati natoka redioni. Mtoto wake yuko mwaka wa sita wa sekondari, ni mrefu, na kila jioni anacheza basketi. Bwana mmoja alifika kwao, akamtazama kijana akisimama na akikaa, akasema: "Huyu ni wa NBA." Sasa anaomba dola 400 za kutengeneza mafaili ya kumpeleka shule Marekani. Mama akaniuliza: "Weye unatangaza michezo kila siku. Huyu bwana anaweza kujua kweli?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Jibu lake ni refu, na nadhani si yeye peke yake anayelihitaji. Katika jimbo letu la Lualaba na kule Lubumbashi kuna wazazi wengi wenye mtoto mrefu na bwana wa mafaili.

Tuanze na jambo lenyewe. Kila mwaka, mwezi wa sita, ekipe za NBA zinakusanyika na kuchagua vijana wapya, moja baada ya nyingine. Tukio hilo linaitwa Drafti. Kuna mizunguko miwili, kwa kawaida majina 60. Wa mzunguko wa kwanza anapewa mkataba wenye pesa za hakika. Wa mzunguko wa pili hana hakika hiyo. Asiyeitwa anabaki kutafuta mlango mwenyewe. Kabla ya hapo kuna watu ambao kazi yao ni kutabiri: wanakaa viwanjani mwaka mzima, wanahesabu pointi na makosa, mwezi wa tano wanawapima vijana kule Chicago bila viatu, urefu, mikono, kuruka, kukimbia. Wanaongea na makocha, madaktari wanakagua magoti. Halafu wanaandika orodha: huyu wa 3, huyu wa 20, huyu hatachaguliwa.

Watu hao wanalipwa vizuri na wana kila chombo. Hebu tuone wametabirije juu ya watoto wa Kongo.

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 mwezi wa sita 1966. Mwaka 1987 alifika chuo kikuu cha Georgetown, Washington, akiwa na msaada wa masomo, na nia yake ilikuwa kuwa daktari. Mwaka wa kwanza hakuchezea ekipe ya chuo. Alikuwa anajifunza Kiingereza. Kocha John Thompson alimwona mtu wa mita 2 na sentimita 18 akitembea katika chuo chake, na Thompson hakuwa mtu wa kuacha jambo kama hilo lipite. Mutombo akacheza misimu mitatu, akamaliza na shahada ya lugha na diplomasia.

Drafti ya 1991 ilifanyika tarehe 26 mwezi wa sita. Angalia tarehe hiyo vizuri: Mutombo alikuwa ametimiza miaka 25 jana yake. Denver Nuggets wakamchukua wa 4, nyuma ya Larry Johnson, Kenny Anderson na Billy Owens. Leo kijana wa miaka 25 kuitwa wa 4 ni jambo ambalo mtabiri hawezi hata kuliandika; watamwambia amezeeka. Lakini wakati ule vijana wengi walimaliza chuo kwanza, na NBA ilikuwa mchezo wa pivo. Aliyekuwa na mtu mrefu chini ya kikapu alikuwa na nusu ya ushindi. Katika msimu wa 1990-91 ekipe moja ilijaribu mitupo ya pointi tatu kama 7 tu kwa mechi. Kazi yote ilikuwa karibu na duara, na huko ndiko Mutombo alikokuwa anaishi.

Matokeo tunayajua. Misimu 18. Mara nne mlinzi bora wa mwaka. Mitupo 3,289 aliyoizuia, wa pili katika historia nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Katika wale watatu waliomtangulia hakuna aliyecheza miaka mingi kama yeye. Hospitali aliyoijenga Kinshasa inabeba jina la mama yake, Biamba Marie. Alifariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024, na hapa Kolwezi nakumbuka watu ambao hawajawahi kushika mpira wa basketi walisimama kusikiliza habari hiyo.

Baada yake kila mtu alianza kutafuta Mutombo mwingine. Ndipo likaja jambo la Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1992. Huyu hakupita chuo kikuu. Aliondoka kwao mapema, akacheza Yemen, akafika Hispania katika ekipe ya Fuenlabrada. Mwezi wa nne 2011 alialikwa Portland katika mechi ya vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani. Akafunga pointi 12, akachukua mipira 11 ya kurudi, akazuia mitupo 10. Katika mechi ile hakuna mtu aliyewahi kufikisha 10 katika mambo matatu kwa siku moja. Mechi moja tu, na jina lake likapanda kutoka chini mpaka juu ya orodha.

Hapo watabiri wakaanza kugombana. Wengine walisema huyu ni ukuta. Wengine waliandika wazi kwamba hawaamini miaka yake, eti hawezi kuwa na 18. Ndugu msomaji, tuseme ukweli kati yetu: mashaka hayo hayakutoka mbinguni. Tunajua viwanja vyetu, tunajua vijana wenye miaka 17 tangu miaka mitano iliyopita. Mmoja anapunguza miaka ili acheze na wadogo, na deni linalipwa na mwingine ambaye cheti chake ni cha kweli. Biyombo alilibeba deni hilo.

Aliitwa wa 7 na Sacramento, akaenda Charlotte. Je, utabiri ulikuwa sawa? Alicheza miaka mingi, na 2016 akiwa Toronto alichukua mipira 26 ya kurudi katika mechi moja dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Maisha mazuri kabisa. Lakini usiku ule wa 2011 Klay Thompson aliitwa wa 11, Kawhi Leonard wa 15, Jimmy Butler wa 30. Hao watatu wakawa nyota wakubwa kuliko wengi waliotangulia. Na miaka mitatu baadaye Nikola Jokić wa Serbia aliitwa wa 41, naye amekuwa mchezaji bora wa NBA mara tatu. Ekipe nyingi zilimpita. Nyingine zilimpita mara mbili. Denver waliomchukua nao walimpita kwanza.

(Jambo dogo la kuchekesha: Emmanuel Mudiay wa Kinshasa aliitwa wa 7 mwaka 2015. Jonathan Kuminga wa Goma aliitwa wa 7 mwaka 2021. Vijana wa uwanja wetu wanasema namba 7 ni ya Kongo.)

Sasa nifike kwa yule ambaye kwake sikulala usiku.

Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwezi wa kumi na moja 1999. Ni mtoto wa barabara hii hii ya shaba. Kwanza alicheza mpira wa miguu kama sisi wote. Akaenda Marekani kusoma sekondari, akaanza chuo kikuu West Virginia, kisha akahamia Kentucky, chuo ambacho basketi yake ni kama dini. Msimu wa 2021-22 alipata kila mechi wastani wa pointi 17.4 na mipira 15.1 ya kurudi. Katika vyuo vikubwa vya Marekani hakuna mtu aliyefikisha 15 kwa zaidi ya miaka 40. Siku moja mwezi wa kumi na mbili 2021 alichukua mipira 28 peke yake. Mwisho wa msimu alipewa zawadi zote kubwa za mchezaji bora wa vyuo. Si bora wa jimbo au wa Waafrika. Bora wa nchi nzima ya Marekani.

Ungedhani mlango uko wazi. Lakini orodha za watabiri zilimweka katika mzunguko wa pili, wengine nje kabisa. Akaamua kurudi chuoni mwaka mmoja zaidi. Tangu 2021 wanafunzi wachezaji wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, ila mwenye visa ya mwanafunzi kutoka nje amefungwa mikono. Mwezi wa nane 2022 Kentucky walikwenda kucheza Bahamas, na Oscar akafanya kazi zake za matangazo huko, nje ya ardhi ya Marekani. Mtoto wa Katanga haachi kutafuta njia. Msimu uliofuata alipata wastani wa pointi 16.5 na mipira 13.7. Bado mkubwa, lakini watabiri hawakusogea.

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa sita 2023, New York, kwetu ilikuwa saa nane za usiku. Tulikuwa watu sita kuzunguka simu moja, umeme hakuna, mega tulizichanga. Wa kwanza kuitwa alikuwa Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu tukangoja. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza. Kijana mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole. Mwaka huo majina yalikuwa 58, kwa sababu ekipe mbili zilinyimwa zamu zao. Kulipokucha jina la 58 lilisomwa, na Oscar hakuitwa. Yule kijana akaniuliza: "Yaya, sasa bora wa Marekani yote, bado nini?"

Sikuwa na jibu asubuhi ile. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na nadhani ni hili.

Watabiri hawakusema Oscar ni mbaya. Walisema mchezo umehama. Zile pointi tatu zilizojaribiwa mara 7 kwa mechi wakati wa Mutombo, mwaka 2023 zilijaribiwa kama mara 34. Mpira unachezwa mbali na duara. Pivo wa leo anatakiwa kutoka nje, kumfuata mtu mfupi mwenye mbio, au yeye mwenyewe kutupa kutoka mbali. Oscar alikuwa mfalme chini ya kikapu, na mitupo ya mbali karibu hakuipiga. Halafu urefu wake: mita mbili na kidogo ni mtu mkubwa Lubumbashi, lakini kwa pivo wa NBA ni mfupi. Halafu miaka: 23. Kwa mtabiri kijana wa 19 ni mbegu, wa 23 ni mti uliokwisha kuota. Unaona matunda yake yote. Mambo hayo matatu hakuna hata moja ambalo Oscar angeweza kulibadilisha kwa kufanya mazoezi saa za usiku, labda ule mtupo tu.

Je, walikosea? Mimi nasema nusu. Baada ya Drafti Indiana Pacers walimpa mkataba wa njia mbili, ule wa kukaa na ekipe ndogo na kuitwa kwenye ekipe kubwa mara chache. Katika ligi hiyo ndogo akaongoza wote kwa mipira ya kurudi. Mwaka 2024 akaenda Utah Jazz kwa mkataba wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo waliosema hawezi kazi ya NBA hawakuwa na haki yote, na sisi tuliosema atakuwa Mutombo wa pili hatukuwa nayo pia. Kinachonisumbua ni kwamba mtu yule yule, angezaliwa 1966, nadhani angeitwa mapema sana. Na Mutombo wa miaka 25, angesimama katika Drafti ya 2023, sijui kama wangesubiri mpaka Denver wafike zamu yao au wangempita wote.

Nirudi kwa mama. Juzi nilifika nyumbani kwake. Nilimweleza haya kwa kifupi, jikoni, akiwa anapika bukari. Nilimwambia kwamba watu wenye ofisi, kompyuta na madaktari, walioona mechi zote za Oscar kwa miaka minne, hawakuweza kukubaliana. Huyu bwana amemwona kijana wake mara moja, sebuleni, bila mpira. Nilimwambia pia kwamba kijana akialikwa kweli na shule ya nje, barua inatoka shuleni kwenyewe na jina la shule linaweza kutafutwa, na kwamba cheti cha kuzaliwa kisiguswe hata kwa mwezi mmoja, kwa sababu bwana alikuwa ameshauri "tupunguze kidogo." Mama alicheka kwa hasira. Alisema alimzaa hospitali, tarehe anaijua, na kovu analo.

Kisha akauliza kuhusu Mutombo: alimaliza masomo kabla ya pesa au baada? Nikamwambia kabla. Akanyamaza, akaendelea kukoroga.

Kijana aliporudi kutoka uwanjani tulimsimamisha kwenye mlango, bila viatu, kisigino ukutani. Tulitumia mita ya fundi seremala wa jirani. Katika faili la bwana imeandikwa mita 2 na sentimita 6. Mita ya seremala ilisema mita 1 na sentimita 95. Tukapima mara ya pili, ikawa vile vile.

Bwana amesema atarudi Jumamosi kuchukua dola zake. Mama ameniomba niwepo, na nije na ile mita.