Kidole Gumba Chini ya Reli

Mtajie kijana wa leo reli ya Afrika Mashariki, papo hapo atakurukia na simba wa Tsavo. Simba walikula watu, kweli, na hadithi yao tamu kusimulia. Lakini adui mkubwa wa reli hakuwa na meno. Alikuwa mwinuko.

Hebu, msomaji, tafuta ubao wa mita moja. Ulaze sakafuni, kisha nyanyua upande mmoja utie kidole gumba chini yake. Hizo ni kama sentimita 2. Utasema, "Mbona umelala tu huu!" Basi kwa treni huo ni mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huenda kwa wepesi ajabu penye tambarare. Kwa mabehewa ya zamani, tani moja ilitaka mvuto wa kiasi cha kilo 5 tu. Juu ya ubao wako huo, tani ile ile inadai kilo 20 zaidi. Yaani injini iliyozoea mabehewa 20 sasa inaweza 4, na hapo hatujahesabu uzito wake yenyewe.

Sisi tuliounda magari ya makopo Mwanakwerekwe tuliyajua haya bila ya skuli. Ukilipakia gari mchanga, uzi unaohimili sakafuni unakatika ukipandisha kibaraza. Na wale Wazungu wanaojenga reli za mfano mezani au bustanini wanaugua maradhi hayo hayo: wakizidisha mwinuko, kijiinjini kinabaki kuzungusha magurudumu pale pale. Macho nayo si ya kuaminiwa. Barabara ya Mwanakwerekwe ukiitazama unaiona sawasawa, lakini mvua za masika zilipokuwa zikituamisha maji, ndipo tulipojua bonde liko wapi.

Sasa chukua kidole gumba chako uende nacho bara. Nairobi iko kiasi cha mita 1,660 juu ya bahari, na mbele yake, baada ya nchi ya Wakikuyu, ardhi inakatika ghafla: chini ni Bonde la Ufa. Wajenzi walipofika hapo njia ya kudumu haikuwa tayari, na kazi ya mbele haikungoja. Basi mwaka 1900 mabehewa yakawa yanashushwa kwa kamba za waya. Penye ukali zaidi yalipandishwa kwanza juu ya majukwaa ya magurudumu, mgongo wa jukwaa ukiwa sawa ili behewa lisiinamie bondeni, na uzito wa linaloshuka ukampandisha mwenzake. Hebu fikiri umesimama chini yake! Mwaka 1901 njia ya kudumu ikamalizwa, ikijipinda ubavuni mwa mlima. Urefu ukaongezwa ili ukali upungue. Reli nzima ilitumia wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki, wengi kwa maradhi. Simba ndio waliopata vitabu.

Mwinuko haukuondoka. Miaka ya 1955 na 1956 zikaja injini 34 za Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, kila moja tani 252, zikapewa majina ya milima. Jina limestahiki. Kati ya Mombasa na Nairobi ziliweza kuvuta tani 1,200.

Na sisi Unguja? Kisiwa chetu kizima hakina pahala panapofika mita 150. Ndiyo maana Seyyid Barghash, mwishoni mwa miaka ya 1870, aliweza kujitandikia reli yake kutoka mjini hadi kasri ya Chukwani, mabehewa yakavutwa na nyumbu. Nyumbu! Pale Bonde la Ufa wangekufa siku ya kwanza. Injini ndogo ya Bagnall ilikuja baadaye, na alipofariki Barghash mwaka 1888 vyote vikavunjwa. Kwangu mimi ile ilikuwa reli ya bustanini, ya mtu mmoja.

Mwaka 1905 Wamarekani, kampuni ya Arnold Cheney, wakajenga nyengine, maili 7, kutoka mbele ya Ngome Kongwe hadi Bububu. (Wanaosema mji umeitwa Bububu kwa mlio wa treni wakasome kitabu cha Sayyida Salme cha mwaka 1886, Bububu imo.) Ilikomea hapo, chini ya kilima cha Masingini.

Watu husema motokaa ndiyo iliyoiua. Kweli, lakini nusu. Bara reli ilikula zaidi ya pauni milioni 5. Kitu kilichokugharimu hivyo hukiachi kirahisi. Hapa tambarare ile ile iliyoikaribisha treni iliikaribisha na barabara. Barabara ya Bububu ilipotengenezwa vizuri, mwaka 1922 abiria wakaondolewa kwenye treni. Ikabaki kubeba mawe ya kujazia bahari bandarini, hata mwishoni mwa miaka ya 1920 nayo ikanyamaza.