Kabati la Vileo na Sheria: Asili ya Baa ya Nyumbani katika Marekani

Katika nyumba nyingi za Marekani na Ulaya, na siku hizi katika nyumba kadha wa kadha za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, huonekana kabati dogo au meza yenye magurudumu, juu yake zimepangwa chupa, bilauri za namna namna, kopo la chuma la kusukasukia na ndoo ya barafu. Hiyo ndiyo baa ya nyumbani, mahali ambapo mwenye nyumba huwachanganyia wageni wake kokteli, yaani kileo kikali kilichotiwa vitu vingine ili ladha yake ibadilike. Aghalabu watu hudhani kwamba kabati hilo ni pambo la utajiri tu, na kwamba chupa zake zilichaguliwa kwa kufuata ulimi. Historia yasema vingine. Nyingi katika chupa hizo zilianzia katika duka la dawa, na kabati lenyewe liliingia sebuleni kwa mlango wa sheria. Kwa Mwislamu kileo ni haramu, na wako Wakristo wengi wasiokigusa. Lakini khabari za kitu si ruhusa ya kukitumia, na khabari hizi zina mambo yanayowahusu hata wasiokunywa.

Jina la kokteli lilielezwa kwa maandishi tarehe 13 Mei, 1806, katika gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York. Mhariri alijibu swali la msomaji kwa kusema kwamba ni kileo kikali cha namna yo yote, kilichotiwa sukari, maji na dawa chungu. Neno hilo la mwisho ndilo la kutazamwa. Dawa chungu ilikuwa mizizi, magome na maganda ya matunda yaliyorowekwa katika kileo, ikauzwa kwa wenye maradhi ya tumbo. Iliyopata sifa kuliko zote ilitengenezwa na Johann Gottlieb Benjamin Siegert, daktari wa Kijerumani aliyewatibu askari wa Simón Bolívar katika mji wa Angostura, Venezuela. Aliikamilisha mwaka 1824. Baadaye, mwaka 1875, kazi hiyo ikahamishiwa Trinidad, ambako hutengenezwa hata leo. Hakuna kabati la kokteli lisilokuwa na kichupa chake, ingawa hutumika kwa matone tu, kama dawa itumikavyo.

Ndugu zake wengine katika kabati wana nasaba iyo hiyo. Vermuti ni divai iliyotiwa majani machungu, na jina lake latokana na neno la Kijerumani la pakanga, mmea uliotumiwa tangu zamani kwa minyoo na tumbo. Antonio Benedetto Carpano aliiuza mjini Turin mwaka 1786. Jini (neno ambalo kwa Kiswahili lina bahati mbaya ya kufanana na jina la kiumbe kingine) ilipata harufu yake kutokana na matunda ya junipa, ambayo waganga wa Uholanzi waliyasifu kwa maradhi ya figo. Maji ya kwinini yalifuata njia fupi zaidi. Pelletier na Caventou waliitenga kwinini kutoka katika gome la mti mwaka 1820. Erasmus Bond wa London akapata hataza ya maji yake yenye mapovu mwaka 1858. Na Waingereza walioogopa homa huko Bara Hindi wakaona kwamba uchungu wake humezeka vizuri zaidi pamoja na jini. Hata maji ya ndimu ya chupa yana khabari ya ugonjwa. Mwaka 1867 Lauchlan Rose wa Leith, katika Scotland, alipata hataza ya kuyahifadhi kwa sukari pasipo kileo, na mwaka uo huo sheria ya Uingereza ikawalazimisha wenye meli kuwapa mabaharia maji ya ndimu ili wasipatwe na kiseyeye.

Barafu nayo haikuwa ya bure. Kabla ya mitambo ya kugandisha maji, ilikatwa katika maziwa ya kaskazini wakati wa baridi. Frederic Tudor wa Boston alipeleka shehena yake ya kwanza Martinique mwaka 1806, watu wakamcheka. Mwaka 1833 meli iliyobeba barafu yake ikafika Calcutta. Bila ya biashara hiyo kokteli ingebaki kinywaji cha vuguvugu, na pengine isingesikika nje ya New York.

Hata hivyo katika karne ya 19 kazi ya kuchanganya ilikuwa ya mafundi wa baa, nayo ilikuwa na miiko yake kama ufundi mwingine. Kitabu cha kwanza cha kazi hiyo katika Marekani, kilichotungwa na Jerry Thomas mwaka 1862, chamfaa fundi kuliko mwenye nyumba. Mtu wa kawaida alikuwa na chupa ya wiski au brandi nyumbani kwa ajili ya homa na misiba. Alipotaka kokteli alikwenda baa. Je, ni nini kilichomtoa fundi huyo nyuma ya meza yake, na kumtia mwenye nyumba mahali pake?

Ilikuwa ni marufuku ya vileo. Watu waliopigania marufuku hayo walikuwa na hoja isiyoweza kudharauliwa. Chama cha Wanawake wa Kikristo cha kupinga ulevi, kilichoundwa mwaka 1874, kilikuwa na wanachama walioona mshahara wa juma zima ukiishia mezani pa baa, na mke na watoto wakilala njaa. Chama kingine, kilichoanzishwa Ohio mwaka 1893, kilijitwalia hata katika jina lake uadui na baa. Adui wao basi alikuwa duka la kileo na wenye viwanda waliokuwa nyuma yake, zaidi kuliko bilauri iliyomo mkononi mwa mtu. Nia hiyo ndiyo iliyoandikwa katika sheria. Badiliko la 18 la Katiba lilithibitishwa tarehe 16 Januari, 1919, nalo lilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo, halikukataza kunywa. Sheria ya Volstead ilipitishwa tarehe 28 Oktoba, 1919, juu ya pingamizi la Rais Woodrow Wilson, na ndani yake mlikuwa na kifungu kilichosema kwamba si kosa mtu kuwa na vileo katika nyumba anayokaa, maadamu alivipata kwa halali, navyo ni kwa matumizi yake, ya jamaa zake na ya wageni wake wa kweli.

Kifungu hicho kifupi ndicho kilichojenga kabati. Marufuku hayakuanza kutumika mpaka tarehe 17 Januari, 1920, yaani mwaka mzima baada ya Badiliko kuthibitishwa. Mwaka huo ulikuwa wa kuweka akiba. Mwenye nyumba kubwa alinunua kreti kwa kreti, akajaza vyumba vya chini. Wengine walikwisha kuweka mali yao katika maghala ya kukodi, wakaogopa kwamba itatwaliwa. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwezi wa Novemba, 1920, majaji wakaamua kwamba chumba alichokipanga mtu katika ghala, kwa kuwekea vileo alivyovipata kwa halali kabla ya sheria, hakikuvunja sheria. Wilson mwenyewe, alipoondoka katika ikulu mwaka 1921, akiba yake ilimfuata katika nyumba yake mpya ya Washington.

Lakini kibarua hakuweza kuweka akiba. Mshahara wake ulikuwa wa juma, chumba chake kimoja, na kinywaji chake kilikuwa bia, ambayo haikai miaka. Sheria ilifunga baa yake, ikaliacha kabati la tajiri. Hapana haja ya kuwatuhumu watungaji wake kwamba walikusudia hivyo. Yatosha kusema kwamba sheria inayokataza duka na kuruhusu akiba itamgusa kwanza yule asiye na akiba.

Akiba zilipokwisha, vikaja vileo vya magendo. Jini ilikuwa nyepesi kuliko zote kuigiza, kwa kuwa haihitaji kukaa miaka katika pipa: spiriti ya viwandani, maji, na mafuta kidogo ya junipa. Yasemekana kwamba chupa kubwa hazikuingia chini ya bomba la kuoshea vyombo, zikajazwa katika bafu, na jina la jini ya bafuni likatokea hapo. Spiriti hiyo ilikuwa imetiwa sumu kwa amri ya serikali ili isinyweke, na mwishoni mwa mwaka 1926 ikaamriwa itiwe methanoli zaidi. Walanguzi walijaribu kuikeneka upya na kuitoa sumu. Pengine walifaulu, na pengine hawakufaulu. Watu walikufa, na waliosalia baadhi yao walipofuka. Hapa yapasa kuonya juu ya hadithi moja ipendwayo, kwamba kokteli zilibuniwa wakati wa marufuku ili kuficha ladha mbaya. Zilikuwako zaidi ya miaka mia kabla yake. Lililo kweli ni kwamba maji ya machungwa, asali na sukari vilipata kazi kubwa mpya katika miaka hiyo.

Badiliko lingine lilikuwa la adabu za nyumbani. Baa ya zamani ilikuwa ya wanaume. Mwanamke mwenye heshima hakuvuka kizingiti chake. Kileo kilipohamia sebuleni, mke wa nyumba alikuwa mwenyeji pamoja na mumewe, na wanawake kwa wanaume wakanywa katika chumba kimoja. Wale waliotaka kuilinda nyumba na kileo walikuwa wamekiingiza nyumbani. Wakati huo huo mafundi walitawanyika. Harry Craddock aliondoka Marekani mwaka 1920, akafanya kazi katika Hoteli ya Savoy, London, na kitabu cha michanganyiko ya hoteli hiyo kikatolewa mwaka 1930.

Marufuku yaliondolewa tarehe 5 Desemba, 1933, ingawa majimbo yaliachiwa hiari, na Mississippi halikuyaondoa mpaka mwaka 1966. Baa zilifunguliwa, lakini kabati halikurudi lilikotoka. Rais Franklin Roosevelt alikuwa akiwachanganyia wageni wake mwenyewe kila jioni. Mwaka 1948 David Embury, mwanasheria wa New York ambaye hakupata kusimama nyuma ya meza ya baa kwa ujira, alitoa kitabu kikubwa kwa watu kama yeye. Aliwafundisha kwamba kokteli ina sehemu tatu: msingi, ambao ni kileo kikali, kitu cha kuulainisha, kama vermuti au maji ya ndimu, na kitu cha kuongeza ladha au rangi. Akachagua kokteli sita za asili, yaani Martini, Manhattan, Old-Fashioned, Daiquiri, Sidecar na Jack Rose. Ukizihesabu chupa zake utaona kwamba jini, wiski, ramu, brandi ya zabibu na ya matofaa, vermuti mbili, kileo kitamu cha machungwa, sharubati ya komamanga na dawa chungu zatosha, pamoja na ndimu na sukari. Kipimo chake kwa vinywaji vya ndimu kilikuwa sehemu nane za msingi, mbili za ukali na moja ya utamu, na wengi huona kwamba ni kikali mno.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki ana sababu ya kuitazama sheria ya Volstead kwa jicho la pekee, kwa maana huku nako palikuwa na marufuku, tena ya zamani zaidi. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai, 1890, uliweka mipaka kwa vileo vikali katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye ulifuata tarehe 10 Septemba, 1919, juma chache kabla ya sheria ya Volstead, na Marekani ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza mikataba hiyo ilitekelezwa kwa kufuata rangi ya mtu. Mzungu aliweka wiski na jini katika kabati lake. Mwafrika aliachiwa tembo na pombe ya nafaka, tena chini ya leseni, na vileo vikali vya dukani vilikuwa haramu kwake mpaka miaka ya 1950. Huko Marekani kabati lilitegemea fedha. Huku lilitegemea ngozi.

Matokeo yalifanana. Watu walikeneka kwa siri, na kila mahali pakawa na jina lake: waragi na enguli katika Uganda, chang'aa katika Kenya, gongo katika Tanganyika. Chang'aa haikuruhusiwa na sheria ya Kenya mpaka mwaka 2010, na kabla ya hapo, mwezi wa Novemba, 2000, zaidi ya watu 100 walikufa mjini Nairobi kwa kunywa kileo cha bei nafuu kilichotiwa methanoli, sumu ile ile ya New York ya mwaka 1926.

Uganda ilifuata njia nyingine. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliwataka wakenekaji wawe na leseni, wauze kileo chao kwa kiwanda, nacho kikikeneke upya na kukitia katika chupa. Hivyo waragi ikapata nafasi katika kabati kando ya jini ya London. Katika Nairobi nako mabaa hutengeneza kinywaji cha vodka, ndimu, sukari na barafu, chenye kijiti kilichochovywa katika asali, na mnywaji hukoroga mwenyewe mpaka utamu umridhishe. Jina lake ni dawa.