Abdulrazak Gurnah: mwandishi anayeelezea historia kwa macho ya watu wadogo

Hapa mashariki mwa Kongo, neno Nobel linatukumbusha kwanza Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepata Nobel ya amani mwaka wa 2018. Miaka mitatu nyuma yake, tarehe 7 Oktoba 2021, Nobel ya fasihi ilienda kwa mtu ambaye lugha yake ya mama ni Kiswahili: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Vitabu vyake vinahusu pwani ya Afrika Mashariki, lakini ndani yake kuna misafara iliyovuka ziwa, kuna madeni, kuna askari na wapagazi wa vita ya wazungu. Hiyo historia ilipita hata kwetu. Ndiyo sababu tunaeleza hapa huyu mtu ni nani, aliandika nini, na vitabu vyake vinatuambia nini sisi wakaaji wa upande huu wa ziwa.

Kijana aliyetoka Zanzibar

Gurnah alizaliwa tarehe 20 Desemba 1948, wakati Zanzibar ilikuwa na sultani lakini Waingereza ndio walikuwa na neno la mwisho. Uhuru ulikuja Desemba 1963. Mwezi moja tu baadaye, Januari 1964, mapinduzi yakaangusha sultani. Watu wengi waliuawa, zaidi sana wale wa asili ya Kiarabu, na wengine wakafungwa ao wakakimbia. Jamaa ya Gurnah ilikuwa na asili hiyo. Akiwa kijana wa miaka 18 hivi, aliacha wazazi wake na kwenda Uingereza.

Kule hakufika kama mtu mkubwa. Alifanya kazi hospitalini, ya kusukuma wagonjwa kwenye vitanda, huku akitafuta masomo. Alisomea mji wa Canterbury, akafundisha miaka michache katika chuo kikuu cha Bayero, mji wa Kano, inchini Nigeria, na akapata udaktari wa masomo katika chuo kikuu cha Kent mwaka wa 1982. Hapo Kent ndipo alifundisha fasihi mpaka alipostaafu.

Hakuweza kurudi Zanzibar mpaka mwaka wa 1984. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika safari ile alimuona baba yake, mzee tayari, akitembea polepole kwenda msikitini. Akajiuliza: huyu mzee alipokuwa mtoto, alionaje wageni wakiingia na kutawala kila kitu? Swali hilo ndilo lilizaa riwaya yake iliyojulikana zaidi. (Riwaya ni ile tunayozoea kuita roman.)

Peponi: mtoto aliyetolewa kama rehani

Gurnah alianza kutoa vitabu mwaka wa 1987, lakini jina lake lilienea mwaka wa 1994 kwa riwaya Paradise. Kitabu hicho kilifika kati ya sita vya mwisho kwenye tuzo ya Booker, moja ya tuzo kubwa za Uingereza.

Kisa chake kinaanza kidogo tu. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa barabara ya reli, na ana deni kwa tajiri moja anayeitwa Aziz. Mtoto anafurahia kila mara Aziz anapofika, juu anamwita mjomba na anapata sarafu. Siku moja anaambiwa afunge vitu vyake, atasafiri na mjomba. Anapofika pwani, kijana mwenzake Khalil anamfungua macho: Aziz si mjomba wake. Yusuf ametolewa kama rehani. Atafanya kazi dukani bila mshahara mpaka deni la baba liishe, na hakuna anayemwambia litaisha lini.

Baadaye Yusuf anaingizwa kwenye msafara wa Aziz kwenda bara. Tunaona mnyapara mkali, wapagazi wenye kubeba nguo na vyuma, hongo inayolipwa kwa kila mtawala wa njiani, magonjwa, watu wanaokufa porini. Wanafika mpaka ziwa kubwa, wanavuka, na kufika kwa mtawala anayeitwa Chatu, ambaye anawanyang'anya mali kwa sababu wafanyabiashara wengine waliotangulia walimdanganya. Msomaji wa Kalemie, Moba, Fizi ao Uvira hatakosa kusimama hapo kidogo. Kwa kawaida tunasoma juu ya misafara kupitia wakubwa wake, kama Tippu Tip aliyekuwa na makao Kasongo, Maniema. Hapa tunaiona kupitia mtoto asiye na mali yoyote, hata yeye mwenyewe ni mali ya mtu.

Gurnah hasemi kwamba mambo yalikuwa mazuri kabla ya wazungu. Anaonyesha utumwa, deni na ukali kati ya Waafrika na Waarabu wenyewe. Hasemi pia kwamba wazungu walileta wokovu. Wajerumani wanaingia kidogo kidogo katika kitabu, kwanza kama habari ya kusikia, mwisho kama jeshi linalokamata vijana njiani.

Kitabu cha vita

Mwaka wa 2020 Gurnah alitoa Afterlives, ambayo kwa Kifaransa inaitwa Les Vies d'après. Wasomaji wengi wanaiona kama ndugu mdogo wa Paradise, juu inaanzia karibu pale ile nyingine iliishia: Vita ya Kwanza ya Dunia katika koloni la Wajerumani, Tanzania bara ya leo.

Kuna vijana wawili. Hamza anajiandikisha mwenyewe kuwa askari wa Wajerumani, kisha anajuta haraka. Anageuka mtumishi wa afisa anayemfundisha Kijerumani, anaumizwa vibaya, na anarudi kwenye mji wa pwani akichechemea. Mwingine ni Ilyas, aliyesoma shule ya misioni ya Wajerumani na kuwapenda sana. Anamwachia watu dada yake mdogo, Afiya, anaenda vitani kwa hiari, na harudi. Hakuna barua, hakuna kaburi. Afiya anaolewa na Hamza, anazaa mtoto, anampa jina la kaka yake, na bado anangoja.

Jibu linakuja baada ya miaka mingi. Mtoto yule, Ilyas mdogo, anakuwa mtu wa redio. Anapata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza kazi ya utangazaji, na huko anatafuta habari za mjomba wake. Anakuta kwamba mjomba alifika Ujerumani baada ya vita, akaendelea kuwatumikia wale aliowapenda, na mwishowe akafia ndani ya kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen. Kisa hiki kimetungwa, lakini mtu wa namna hiyo alikuwako kweli: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyetumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto na kufia kambi hiyo hiyo mwaka wa 1944.

Kwa jamaa zetu nyingi, habari ya mtu aliyeenda na asionekane tena si ya vitabu tu. Gurnah anaonyesha kwamba kungoja vile kunapita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, hata kama mtoto hakumjua aliyepotea.

Na sisi tuko wapi?

Vita ile ile ilipita kwetu. Desemba 1915, mashua mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliingia ndani ya ziwa Tanganyika karibu na Kalemie baada ya kuburutwa nchi kavu, zikaanza kupigana na meli za Wajerumani. Mwaka uliofuata, Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabeleji chini ya jenerali Tombeur, lilipita Rwanda na Burundi, likachukua Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 likaingia Tabora. Mizigo, chakula na risasi vilibebwa vichwani na mabegani. Wapagazi waliolazimishwa kazi hiyo upande wa Kongo walihesabiwa zaidi ya 200.000. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa kuliko kwa risasi.

Majina ya maafisa yako ndani ya vitabu. Majina ya wapagazi hayako, ila machache sana. Gurnah aliandika upande wa Wajerumani na wa pwani, hakuandika upande wetu, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini namna yake ya kazi iko wazi: alisoma maandishi ya zamani, akasikiliza masimulizi ya wazee, kisha akauliza mtu wa chini aliishije. Kazi hiyo kwa wapagazi wa Maniema, Kivu na Tanganyika bado inangoja mwandishi.

Vitabu vingine na lugha yake

Jumla Gurnah ana riwaya 11. By the Sea, ya mwaka wa 2001, ni juu ya mzee Saleh Omar anayefika Uingereza na pasi ya jina la mtu mwingine kuomba ukimbizi. Kwa Kifaransa ni Près de la mer, na ilipata tuzo ya RFI, Témoin du monde, mwaka wa 2007. Desertion, ya 2005, kwa Kifaransa Adieu Zanzibar, inaanza mwaka wa 1899 kwa mapendo kati ya Mwingereza na mwanamke wa pwani, na kuonyesha matokeo yake kwa wajukuu. Ya karibuni ni Theft, ya mwaka wa 2025, juu ya vijana watatu wa Tanzania ya karibu na leo.

Wengine wanamuuliza: mtu wa Kiswahili, kwa nini unaandika Kiingereza? Anajibu kwamba Kiingereza ndicho lugha aliyoanza nacho kuandika na anayoiweza kwa kazi hiyo. Hata hivyo Kiswahili kimo ndani ya kurasa zake, na maneno kama mnyapara anayaacha yalivyo. Lakini ukweli unabaki: Paradise ilitoka 1994, na wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa lugha yao mwaka wa 2022 tu, baada ya Nobel. Ida Hadjivayanis ndiye aliitafsiri kwa jina Peponi, na nyumba ya vitabu Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaichapisha.

Kwa mwenye kutaka kuanza, tunashauri Peponi kwanza, kisha Les Vies d'après. Kiswahili cha Peponi ni cha pwani, maneno fulani yatakuwa mapya kwetu, lakini kisa kinaeleweka mpaka mwisho. Kwa vijana wenye kupenda kuandika, pengine swali la kuanza nalo liko nyumbani: muulize mzee wa jamaa yenu ni nani kati ya babu zenu alibeba mizigo ya Wabeleji, alitoka kijiji gani, na kama alirudi. Andika jina lake.